Kutegea: Mazungumzo juu ya Kazi ya Kujitolea na Kazi ya Kila Siku

(Maneno haya yalisemwa katika mkutano wa tawi. Yameandikwa hapa kwa ajili ya wanachama waliokuwa zamu siku ile.)



Sisi tunaosimama mbele yenu ni watatu, nasi tumetumwa na gengi letu. Ni watu wa nyundo na koleo. Tulisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, na hapo ada ikatushinda, basi msitazamie kusikia maneno ya profesa. Lakini majuma machache yaliyopita chama kilitupeleka kwenye semina ya siku mbili, na huko mwalimu mmoja akatufundisha habari za saikolojia, yaani elimu ya nafsi ya mtu: jinsi anavyowaza, anavyoogopa, anavyopenda, na jinsi matendo yake yanavyogeuka akiwa peke yake na akiwa katika kundi. Tulikwenda tukidhani ni habari za wagonjwa wa akili. Tukakuta ni habari zetu.

Ninyi nyote mwajua jambo lililotukusanya. Mwenzetu aliyekuwa akikagua njia alifariki, akamwacha mama na watoto wanne katika nyumba ambayo paa lake lilikuwa limekwisha kuoza. Hapa hapa katika ukumbi huu tulikubaliana kwa sauti moja kwamba tutaliezeka upya sisi wenyewe, kwa kazi ya kujitolea, Jumamosi inayofuata. Mabati yalikuwa yamekwisha kununuliwa. Katibu akauliza, "Nani atakuja?" Mikono 46 ikainuliwa. Jumamosi wakaja watu 9. Hao 9 walibandua mabati ya zamani asubuhi, wakitumaini kwamba wengine wako njiani, na jioni nyumba ikabaki wazi nusu yake. Usiku wa Jumapili mvua ikanyesha. Unga ukalowa, magodoro yakalowa, na vitabu vya shule vya watoto vikawa kama uji. Mama yule akaenda kulala kwa jirani, akiwa na paa bovu kuliko lile alilokuwa nalo kabla ya sisi kumsaidia.

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yanayotuuma.

Sasa hoja iliyo mbele ya mkutano ni kwamba kila atakayeinua mkono na asifike atozwe faini ya shilingi 500. Twaomba mkutano usiipitishe hoja hiyo. Tutatoa sababu zetu, kisha tutasema twataka nini badala yake. Lakini tutaanzia mbali kidogo, huko njiani, kwenye kazi ambayo wengi wenu mwaijua.

Reli ya ratili 80 kwa yadi, ikiwa na urefu wa futi 40, uzito wake ni kilo 484 hivi. Watu 12 wakiibeba kwa haki, kila mmoja ana kilo 40. Wawili kati yao wakiweka mikono tu pasipo kuinua, wale 10 waliobaki wana kilo 48 kila mmoja, wala hakuna ajuaye ni nani aliyemwongezea zile 8. Ajualo ni kwamba mgongo wauma. Lugha yetu imekwisha kulipa jambo hili jina tangu zamani: ni kutegea.

Huko Ufaransa alikuwako mtaalamu wa mashine za kilimo aitwaye Maximilien Ringelmann. Alitaka kujua nguvu ya watu wanaofanya kazi pamoja, akawapa kamba wavute, akapima. Kazi yake ilichapishwa mwaka 1913. Tukisema kwamba nguvu ya mtu akivuta peke yake ni 100, basi walipovuta wawili kila mmoja alitoa 93, walipovuta watatu kila mmoja alitoa 85, na walipofika wanane kila mmoja alitoa 49. Watu wanane, kazi ya watu wanne! Kama angalikuja kwenye gengi letu angaliona yale yale, tena bila gharama ya nauli kwa wale wavutaji.

Mtu wa gengi atasema mara moja, "Ni kwa sababu hawakuvuta kwa pamoja." Kweli, sehemu moja ya hasara ni hiyo. Huyu avuta sasa, yule avuta baadaye, na nguvu zapotea hewani. Ndiyo maana gengi lina mtu wa kuimbisha, na ndiyo kazi ya neno harambee, ambalo watu wa pwani walilitumia wakivuta mizigo mizito pamoja, kabla Mzee Kenyatta hajalifanya kuwa wito wa taifa mwaka 1963. Wimbo huwakutanisha watu katika sekunde moja.

Lakini mwaka 1974, huko Marekani, Ingham na wenzake walifanya jambo la werevu. Walimfunga mtu kitambaa machoni, wakamweka wa kwanza kwenye kamba, wakamwacha adhani kwamba walio nyuma yake nao wanavuta. Kumbe wale wa nyuma walisimama tu. Alikuwa anavuta peke yake, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kupishana naye. Hata hivyo nguvu yake ilipungua. Kule kudhani tu kwamba wenzake wako nyuma kulitosha kumlegeza. Wala sisi hatuamini kwamba alijiambia moyoni, "Ngoja nitegee." Twaamini kwamba kama angaliulizwa angaliapa kuwa amevuta kwa nguvu zote.

Basi kuna hasara mbili, na dawa zake ni mbili. Hasara ya kupishana huponywa na wimbo. Hii ya pili haiponywi na wimbo. Na tawi letu, ndugu zetu, ni hodari sana kwa nyimbo. Tuna hotuba, tuna makofi, tuna kuinua mikono. Jumamosi ile ya paa hatukukosa wimbo hata kidogo.

Nyapara wetu wa zamani, ambaye sasa amestaafu na ana ng'ombe wake kwao, hakusoma kitabu chochote cha namna hii. Lakini hakuturuhusu kubeba reli kwa kukumbatia tu kama siafu wabebao panzi. Alitugawa wawili wawili, kila wawili na koleo lao, mmoja upande huu wa reli na mwingine upande ule, akatuita kwa majina. Katika koleo huwezi kutegea. Ukilegea, mkono wa koleo ulio upande wako washuka, na mwenzako akutazama usoni. Hakuna haja ya nyapara kupiga kelele. Wataalamu wa Marekani walikuja kulithibitisha jambo hilo kwa njia yao: waliwaambia watu wapige kelele pamoja kwa nguvu zao zote, na kila mtu akapunguza yake, lakini mwaka 1981 walionyesha kwamba watu wakijua sauti ya kila mmoja yaweza kupimwa peke yake, kule kutegea hutoweka. Nyapara wetu alikuwa na koleo tu, naye alifika pale pale.

Hapa twataka kuungama jambo moja la njiani, maana linafanana na lile la paa, ila lingaliweza kuua watu.

Siku moja tulikuwa twarudi kambini jioni, tukapita mahali reli mbili zinapoungana. Bolti mbili kati ya nne hazikuwapo. Wezi wa vyuma chakavu walikuwa wamezifungua. Watu saba wa gengi tulipita hapo, na wote saba tuliona. Mmoja alisema, "Hawa wezi watatumaliza," mwingine akacheka, tukaendelea na safari. Kila mmoja wetu alidhani kwamba mwingine atamwambia nyapara. Wa mbele alidhani wa nyuma atasema kwa kuwa ndiye anayetembea na nyapara. Wa nyuma alidhani wa mbele amekwisha kusema kwa kuwa ndiye aliyeona kwanza. Magari ya moshi yalipita juu ya kiungo kile siku tatu mchana na usiku, mpaka msimamizi alipopita na toroli akakiona. Mungu ni mwema. Lakini jueni kwamba kama angalikuwa mmoja wetu tu amepita pale peke yake, tungaliarifu jioni ile ile.

Tulidhani ni ubaya wetu wa pekee. Semina ikatuonyesha kwamba sivyo. Mwaka 1968 Bibb Latané na John Darley waliwaweka wanafunzi chumbani wajaze karatasi za maswali, kisha wakapitisha moshi kwenye tundu la ukuta. Wanafunzi 24 waliwekwa kila mmoja peke yake, na 18 kati yao walitoka kwenda kuarifu. Kisha wakawekwa watatu watatu, makundi 8. Katika makundi hayo 8, ni 3 tu ambamo mtu alitoka kuarifu. Waliobaki walikaa ndani ya moshi wakiendelea kuandika, kila mmoja akiwatazama wenzake na kuona wametulia, nao wametulia kwa sababu wanamtazama yeye. Tena, mzigo wa kuarifu ulikuwa umegawanyika katika watu watatu, na theluthi ya wajibu ni kitu chepesi sana. Mtu aweza kukibeba mfukoni na asikumbuke kwamba anacho.

Tangu siku ile gengi letu lina desturi ndogo. Anayeona kosa njiani husimama, hulionyesha kwa kidole, na kusema kwa sauti, "Nimeona mimi, napeleka mimi." Kisha wenzake humjibu kwa jina lake. Mwanzoni watu waliona haya. Lakini tuliambiwa kwamba huko Japani wafanya kazi wa reli wana desturi ya kunyoosha kidole na kutaja kwa sauti kile wanachokitazama, ikiwa ni ishara ya njia au saa. Watafiti wa reli wa huko walipoipima desturi hiyo mwaka 1994 katika kazi rahisi, makosa yalishuka kutoka 2.38 kwa kila matendo 100 hadi 0.38. Mgeni akiwaona huwacheka. Nasi tulicheka. Sasa hatucheki.

Turudi kwenye paa, na kwenye ile faini.

Wenye hoja wanasema kwamba aliyeinua mkono akakosa kuja ni mtu mbaya, na mtu mbaya huadhibiwa mfukoni. Sisi tulichukua daftari la zamu tukatazama. Katika wale 37 ambao hawakufika, 11 walikuwa zamu siku ile ile, tena walijua hivyo walipoinua mikono. Mbona waliinua? Kwa sababu jirani aliinua. Mkono mmoja chini kati ya mikono 46 juu ni mzito kuliko koleo. Na katika wale 9 waliokuja, mmoja alikuwa ametoka zamu ya usiku, akafanya kazi mpaka saa sita akisinzia juu ya ngazi. Faini ingalimwacha huyu na ngazi yake, wala isingalimwambia mtu amshushe.

Wengine watatu katika wale 37 twawajua vizuri zaidi, kwa maana ndio sisi tunaosema nanyi. Gengi lilituchagua kuja hapa, na si kwa heshima. Mmoja wetu alijiambia kwamba watu 46 juu ya nyumba moja watakanyagana, basi akaona afadhali apunguze msongamano. Wa pili alikwenda shambani akikusudia kuja alasiri, na alasiri ikafika jembe likiwa bado mkononi. Wa tatu alikuja. Alifika mpaka barabarani, akatazama kwa mbali, akaona watu juu ya paa. Alihesabu vichwa akaona vinatosha. Akageuka akarudi nyumbani, akanywa chai.

Tena semina ile tulikuwa tumekwisha kuihudhuria! Habari ya kamba tuliijua, habari ya moshi tuliijua, na bado tulitegea. Kwa hiyo hatuji kwenu na dawa ya kufundishwa, kana kwamba tukichapisha maneno haya kwenye karatasi ya chama kila mtu atabadilika. Elimu iliyo kichwani haikutuinua kitandani. Nyapara wetu hakutupa elimu, alitupa koleo.

Na faini, je? Mwaka 2000 Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha habari za shule za watoto wadogo katika mji wa Haifa, nchi ya Israeli. Wazazi walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto, na mwalimu akabaki akingoja. Katika shule 6 kati ya 10 ikawekwa faini kwa mwenye kuchelewa. Wachelewaji wakaongezeka, mpaka wakawa karibu mara mbili ya mwanzo. Na ilipoondolewa faini, hawakurudi walivyokuwa. Hapo kwanza mzazi aliyechelewa alikuwa na deni la aibu kwa mwalimu, na deni hilo halina bei. Faini ilipokuja, likapata bei. Mtu akalipa, akaona wamemalizana.

Mtasema kwamba Haifa ni mbali. Haya, tazameni chama chetu cha kuzikana. Tulikiwekea faini ya shilingi 100 kwa asiyefika mazishini. Leo tuna mwanachama mmoja ambaye hutuma faini yake kwa simu siku mbili kabla ya mazishi, pamoja na salamu za pole. Hatumlaumu sana, ananunua kile tunachouza. Ila tujue kwamba tukiweka shilingi 500 juu ya paa la mjane, tutapata fedha, na mvua itanyesha ndani. Tena wale 9 waliokuja kwa mapenzi watajiuliza kama siku yao yote ni shilingi 500 tu.

Kuna neno jingine ambalo tulilisikia nje ya mlango, nalo ni la haki, kwa hiyo hatuwezi kulipita. Mzee mmoja alituambia: "Mwasema kazi ya kila mtu ionekane peke yake. Hayo ndiyo wanayoyataka waajiri. Leo mwapima kazi ya kujitolea, kesho watapima jasho letu kwa dakika." Mzee huyu ana sababu. Baba zake walivaa kipande shingoni ndani ya kibweta cha chuma, na humo mliandikwa jina lao na habari za kazi yao kwa mkono wa mtu mwingine, ili wasiweze kuondoka. Jina lililoandikwa namna hiyo ni kitanzi, na chama hiki hakina budi kulipinga popote litakapotokea, hata likija ndani ya mashine mpya za kuhesabu. Sisi hatuombi hilo. Twaomba mtu aandike jina lake kwa mkono wake, mahali alipopachagua, mbele ya wawili au watatu wanaomtegemea. Wanaosoma Biblia watakumbuka jinsi Nehemia alivyoujenga ukuta wa Yerusalemu: watu wengi walipewa kipande cha ukuta kilichoelekea nyumba zao wenyewe, na majina yao yameandikwa mpaka leo, hata na habari ya wakuu wa Tekoa waliokataa kutia shingo zao kazini. Sisi shuleni tuliona sura ile inachosha, majina matupu. Kumbe ndiyo koleo lake.

Basi badala ya faini twaomba hivi. Nusu ya paa iliyobaki, ambayo sasa imefunikwa kwa turubai la kuazima, haitaki watu 46. Inataka watu 14. Tumekwenda kuipima sisi wenyewe. Kuna mabati 24, nayo yamegawanywa katika sehemu nne, kila sehemu watu watatu: mmoja wa kupigilia, mmoja wa kupokeza, mmoja wa kushika chini. Hao ni 12. Mmoja ni wa ngazi, mmoja ni wa maji na chai. Hakuna kuinua mikono. Kila mtu ataandika jina lake kwenye sehemu yake. Akizuiwa na zamu au na ugonjwa, hatamwambia Katibu. Atawaambia wale wawili walio naye, siku moja kabla, ili wamtafute mwingine. Turubai haliondolewi mahali popote mpaka watatu wa sehemu hiyo wawe wamesimama chini yake. Hilo lingalifanyika Jumamosi ile, mama yule asingalilowa.

Wengine wote twawaomba wasije. Ndiyo, wasije, kwa maana vichwa vingi barabarani ndivyo vilivyomrudisha mmoja wetu nyumbani. Kwao kuna karatasi ya pili: vitabu vya shule vya watoto wanne, magodoro mawili, unga, na mtu mmoja wa kufuatilia hundi ya mazishi ofisini mpaka itoke. Kila kitu kina mstari wake, na kila mstari una nafasi ya jina moja tu. Hiyo hundi ndiyo kazi ngumu kuliko zote, kwa hiyo asiandike mtu asiye na subira.

Karatasi zote mbili ziko mezani kwa Katibu. Sisi watatu tumekwisha kuandika yetu kwenye sehemu ya kwanza, ukingo ulioelekea barabarani, pale mtu akisimama aweza kuhesabu vichwa. Sehemu ya pili imejaa. Ya tatu inamtaka mtu wa kupokeza, ya nne haina mtu bado, na ngazi haina mtu. Kazi itaanza Jumamosi saa moja asubuhi. Kalamu imefungwa kwa uzi. Tafadhali msiondoke nayo.